Hadithi mpya za wanaojichapishia mnazipata wapi? Za kutisha, upelelezi, mambo yajayo, si mapenzi tu

KashiaWaUsiku (Chalinze)

Habari za usiku wadau.

Nianze na kisa ili mnielewe ninachotafuta. Mimi ni kashia kwenye kituo cha mafuta hapa Chalinze, zamu ya usiku, saa mbili mpaka saa mbili. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku hatupumziki kama zamani, ila kati ya saa nane na saa kumi barabara hutulia. Nabaki mimi, mlinzi, na paka wa duka la oili. Hapo ndipo ninaposoma.

Mwezi wa tatu abiria mmoja aliyeshuka kujisaidia alisahau kitabu juu ya friji ya soda. Nikakitunza wiki nzima, hakurudi mtu. Jaladani kuna mwanamke analia, pembeni bastola. Nikajisemea ni yale yale. Lakini usiku mmoja bando liliisha, nikakifungua. Kumbe hadithi ya kutisha! Mpimaji ardhi anatumwa kijiji fulani kule Usambara kupima mipaka, na kila akiamka asubuhi anakuta vigingi vyake vimesogea hatua saba kuelekea makaburini. Hakuna mtu anayeruka na ungo, hakuna damu. Vigingi tu, hatua saba, kila siku. Nilimwambia mlinzi asogeze kiti chake karibu na dirisha langu, nikamdanganya kuwa nasikia baridi.

Nikafika ukurasa wa 176. Mpimaji ameamua kukesha, ameweka chai kwenye chupa, amejifunika shuka nyuma ya mgomba, anavisubiri. Nageuza: ukurasa wa 161. Nikadhani nimesinzia. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele. Kurasa 161 hadi 176 zimejirudia zote, halafu kinachofuata ni 193. Yaani usiku wenyewe wa kukesha ndio haupo.

Nyuma ya kitabu, chini ya picha ya mwandishi, kulikuwa na namba ya simu. Nilipotoka kazini nikapiga. Akapokea mwenyewe, nasikia kuku nyuma yake. Nilipomweleza akacheka, kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, kasoro hiyo najua iko kwenye vitabu kama ishirini. Wewe ni mtu wa pili kunipigia." Mpaka leo nawaza wale kumi na nane waliobaki walimalizaje. Akapiga picha zile kurasa 16 akanitumia WhatsApp, hela akakataa. Nikamtumia elfu tano kwa nguvu.

Nikamuuliza, una nyingine kama hii? Akajibu hana, na haandiki tena za kutisha. Watu wanataka mapenzi.

Sasa ndugu zangu, siamini kuwa mtu kama huyu ni mmoja tu nchi nzima. Nimejaribu kutafuta. Nimeingia magrupu matatu ya hadithi WhatsApp. La kwanza nililipa buku, halafu elfu mbili ya "sehemu za mwisho", hadithi ikakatika sehemu ya 47 na admini akajitoa kwenye grupu lake mwenyewe. Sijawahi kuona mtu anahama nyumba aliyoijenga. La pili na la tatu ni bosi tajiri na dada wa kazi, dada wa kazi na bosi tajiri. Sina ugomvi na mapenzi, nimeolewa kwa mapenzi, lakini mtu hali wali kila siku. Maduka ya hapa Chalinze nayo ni vitabu vya shule na vya dini.

Ninachotaka: za kutisha, upelelezi, ujasusi, za kale, na kama zipo za mambo yajayo. Ziwe za watu wanaoandika na kujichapishia, au wanaotoa kwenye simu. Na tafadhali, sitaki hadithi ambayo nikiimaliza kuna mtu ataniuliza dhamira na maudhui.

Mnazipata wapi? Na mnajuaje kabla ya kulipa kwamba si bosi na dada wa kazi?

---

MezaYaVitabu (Dar)

Dada Kashia, nimecheka mpaka mteja wangu kaniuliza kulikoni.

Mimi nauza vitabu vya mtumba hapa mjini, si mbali na Posta ya Zamani, huu mwaka wa kumi na nne. Nianze na kitabu chako. Karatasi kubwa ya mashine ikikunjwa hutoa kurasa 16. Kwenye viwanda vidogo anayepanga mikunjo ni mtu kwa mikono yake, anazunguka meza anaokota mmoja mmoja. Wako aliokota mkunjo wa kumi na moja mara mbili, wa kumi na mbili ukabaki mezani. Ndiyo maana 161 hadi 176 zimejirudia na 177 hadi 192 hazipo. Fundi alikuwa na njaa au alikuwa anaongea na simu. Hesabu ukurasa wa mwisho wa kila kitabu kabla ya kulipa, hata kwangu.

Sasa swali lako. Hao unaowatafuta hawaji kwa njia ya maduka. Wanakuja na mfuko mkononi. Anafungua, ananiachia nakala tano mali kauli, nikiuza nampa chake, kisipouzika anakuja kuchukua. Wengine hawarudi kuchukua, nao ndio ninaowaonea huruma. Ndiyo maana ukiuliza "mna hadithi mpya?" dukani utaonyeshwa rafu. Usitazame rafu. Muulize muuzaji, "Nani kakuletea kitabu mwenyewe mwezi huu?" Swali hilo liulize hata ukipita maduka ya vitabu kama TPH pale Samora au Soma kule Mikocheni. Anayeuza vitabu akiulizwa hivyo uso unabadilika, maana mara nyingi anaulizwa kama ana vya darasa la saba.

Jalada usiliamini kabisa. Majalada mengi hutengenezwa na vijana wa steshenari, na kijana mwenyewe ana picha nne kwenye kompyuta. Huyo mwanamke wako anayelia namfahamu, nimeshamwona kwenye vitabu sita, kimoja ni cha ufugaji wa samaki.

Mimi hufanya hivi. Nafungua katikati natafuta mahali watu wanakula. Mwandishi mvivu ataandika "walikula chakula kitamu kisha wakaondoka". Anayejua kazi atakwambia nani alimwachia nani mnofu, na nani alinawa mikono mara mbili. Akiweza kuandika watu wanakula, ataweza kuandika mtu anauawa. Sijawahi kukosea zaidi ya mara tatu.

Tazama pia nyuma, kwenye ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu. Baada ya 978 ukikuta 9976 au 9987 kimesajiliwa Tanzania, ukikuta 9966 ni Kenya. Kisipokuwa na namba yoyote, usikidharau. Hicho hakimo kwenye orodha ya maktaba wala ya duka, kisipokutana na meza kama yangu kimepotea. Vitu vya ajabu kuliko vyote nimevikuta humo, na vibovu kuliko vyote pia.

Na msije mkadhani kujichapishia kumeletwa na simu. Marehemu Ben Mtobwa alikuwa na kampuni yake mwenyewe, Heko. Mpaka leo wazee wananijia kumuulizia Joram Kiango, yule mpelelezi wa riwaya zake, kama vile wanamuulizia mpwa wao.

Ukija mjini nitafute, nitakuwekea viwili vya kutisha. Kimoja mwisho wake mbaya, nakwambia mapema.

---

Dogo_Laki2

Dada usihangaike, njoo inboksi. Nina PDF zaidi ya mia mbili, riwaya zote za bongo, za zamani na mpya. Buku tu unapata zote.

---

MwandishiUyole (Mbeya)

Dogo_Laki2, mimi nimo kwenye hizo mia mbili zako. Nina hakika.

Kitabu changu cha pili nilichapa nakala 300 kwa hela ya kikoba cha mke wangu. Nikauza 112, elfu kumi kila kimoja, vingine nikapeleka mwenyewe stendi na bodaboda. Wiki ya sita mauzo yakakatika kama umeme. Kumbe kuna mtu amekaa chini, akapiga picha kurasa zote kwa simu, akatengeneza PDF. Ukurasa wa 58 kidole gumba chake kinaonekana, kucha imevilia damu. Nimeitazama kucha ile kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuitazama picha ya harusi yangu. Na aliyenitumia hiyo PDF ni shemeji yangu: "Shem hongera, kitabu kizuri sana, kinazunguka ofisi nzima." Kikoba nilikirejesha kwa kuuza mahindi. Kwa hiyo, dogo, buku yako hiyo kula, lakini ujue umekula mahindi yangu.

Dada Kashia, nikujibu na wewe.

Zamani niliandika kwenye blogu. Mwaka 2018 zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, blogu ilitakiwa leseni, na gharama zake zilipita milioni mbili. Mimi blogu yangu haikuwahi kuniingizia hata laki. Nikaifunga, na wenzangu kadhaa ninaowajua walifunga, tukahamia Facebook, WhatsApp na Telegram. Ndiyo sababu moja ya wewe kutotupata ukitafuta Google. Tupo, ila tumo ndani ya nyumba za watu, mpaka mtu akushike mkono akuingize.

Njia ya kuingia: mtafute mmoja tu unayempenda, halafu angalia anamsifia nani na anagombana na nani. Kuna umoja wa waandishi wa riwaya hapa nchini unaitwa UWARIDI. Anza na waandishi wake, humo utawakuta wa upelelezi, wa ujasusi, wa mapenzi, kila mtu na mkondo wake. Ukimfuata mmoja, baada ya wiki unawajua kumi.

Kuhusu kulipia hadithi za simu, mimi natoa sehemu kumi za kwanza bure. Kabla hujatuma hela yoyote, kwangu au kwa mwingine, uliza neno moja: "Imekamilika?" Hadithi inayoandikwa huku inauzwa ni kama kununua ng'ombe akiwa bado tumboni. Wengine si matapeli, anaugua mtoto, simu inaibwa, kichwa kinagoma. Huyo admini wako wa sehemu ya 47 inawezekana hakujua la kufanya na sehemu ya 48. Hilo limenikuta. Tofauti ni kwamba mimi nilirudisha hela.

Soma pia maoni ya watu kuanzia sehemu ya ishirini hivi, si ya kwanza. Wakiwa wanaandika majina ya wahusika, "Sikudhani hata siku moja, huyu mama nilimwamini," hapo kuna hadithi. Wakiwa wanaandika "nitag" na "napita tu", hapo hakuna kitu.

Halafu nikufungulie siri. Umesema unataka za mambo yajayo. Niliandika moja: Dodoma mwaka 2071, maji yanagawiwa kwa kadi, na binti mmoja fundi wa mita anagundua mita zinasikiliza mazungumzo ya ndani ya nyumba. Nikatoa sehemu sita. Wasomaji arobaini, na kati yao watatu ni ndugu zangu. Nikabadilisha jina, nikaweka la kimapenzi, sehemu ya pili nikamwongezea binti mchumba. Wakafika mia sita. Mchumba mwenyewe hana kazi yoyote kwenye hadithi, anakuja, anakunywa chai, anaondoka. Sehemu ya 31 nikamuua, na usiku ule nilipigiwa simu na mama mmoja wa Sumbawanga analia kweli kweli.

Kwa hiyo usiyaruke mapenzi yote. Tazama mhusika anafanya kazi gani na mwandishi anaijua kiasi gani. Ukikuta "Zuhura alikuwa sekretari" basi, kazi imeishia hapo, hayo ni mapenzi. Ukikuta Zuhura anafungua mita, anaeleza risasi ya kufungia, ile lakiri ya mita, ikoje na ikikatwa inalia vipi, jua kuna hadithi nyingine imefichwa chini ya mchumba.

---

BintiKisauni (Mombasa)

Salaam aleikum nyote.

Mie nawasoma Watanzania tangu nikiwa shule ya upili, na nawaonea wivu. Huku kwetu tatizo ni mtihani. Mwandishi wa Kiswahili akishika kalamu jicho moja liko kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, maana riwaya ikiteuliwa kutahiniwa, amekula maisha. Ikikosa, itakaa stoo. Sasa nani ataandika ya majini kweli kweli, ya kutisha, na ajua mwalimu mkuu ataisoma kwanza? Jini akija anakuja na funzo.

Waliojichapishia wapo. Nairobi kuna duka la vitabu la Nuria, wale wanachukua vitabu vya waandishi wanaojichapishia, na waagiza kwa simu. Lakini nakuambia ukweli, vingi ni vya Kiingereza, Kiswahili watafuta kama mtu anayetafuta sindano. Mie nimegundua kuwa vitu vya ajabu huku vyajificha kwenye mikusanyiko ya hadithi fupi. Mtu aliyeandika hadithi kumi na mbili za jamii na ndoa, ya tisa yageuka, mtu anaongea na samaki. Nikipata mkusanyiko siku hizi naanzia mwisho.

Sisi tuko wanawake watano, chama chetu. Wengine chama chao ni cha sufuria, chetu ni cha vitabu. Kila mwezi mmoja ananunua kimoja Tanzania, alipa kwa M-Pesa, yavuka mpaka bila shida, na kitabu chaja na basi la Dar kupitia Horohoro. Twazungusha, na kila anayemaliza aandika nyuma jina lake na neno moja tu. Neno moja, si sentensi. Kuna kimoja cha kijasusi kimeandikwa "Haya", "Mmh", "Haya", "Nimelia", na la mwisho "Mwongo". Twabishana mpaka leo huyo wa mwisho alimwambia nani.

Dada Kashia, hicho cha vigingi chaitwaje? Watano twakitaka.

---

MzeeWaVuga (Unguja)

Mwanangu Kashia, nakusalimu.

Wenzako wamesema mengi ya haki. Mimi naongeza moja, wala sitolirefusha kwa kuwa macho hayanisaidii kwenye simu. Fuata mashindano.

Huyo mpelelezi wa kwanza mkubwa wa riwaya zetu, Bwana Msa na kiko chake, alitoka wapi? Mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957/58. Muhammed Said Abdulla akashinda na *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kikatoka 1960. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa magazeti tu, nani angemjua kwa riwaya.

Leo ipo tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Ipo na ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyotolewa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023. Kila mtu hukimbilia mshindi. Wewe usimtazame mshindi. Andika majina ya walioingia orodha ya mwisho wakakosa, kisha watafute mmoja mmoja. Mshindi kazi yake inapata mchapaji. Aliyekosa mara nyingi huenda akajichapishia mwenyewe, na hapo ndipo wewe unapompata. Nimefanya hivyo na nimepata vitabu vinne, viwili nimevisoma mara mbili.

Vya majini vya huku kwetu nisiulizwe. Sisomi usiku.

---

KashiaWaUsiku (Chalinze)

Wiki tatu zimepita wadau, nimerudi kutoa ripoti, maana nyuzi nyingi za humu mtu anauliza, anajibiwa, anapotea kama admini wa grupu langu.

BintiKisauni dada yangu, jina la kitabu cha vigingi nitakutumia inboksi, mwandishi mwenyewe kaniomba nisimtangaze hadharani kwanza. Nilimpigia nikamwambia kuna wanawake watano Mombasa wanakitaka. Hakuamini, akaniuliza mara mbili kama ni ndugu zangu. Amebakiwa na nakala tisa, zote zenye kasoro ile ile. Anatoa kopi za kurasa 177 hadi 192 anazibandika kwa gundi kila nakala. Mtazipokea zimenenepa katikati.

Kwa MwandishiUyole niliagiza ile ya mita, aliichapa kumbe. Konda wa basi la Mbeya alishuka saa tisa na nusu usiku, akapiga kelele "Kashia! Mzigo wako!" kama ananiletea maiti. Kitabu elfu kumi na mbili, kifurushi elfu nne. Nimekimaliza zamu mbili. Kaka, usinichukie: watu wako wote wanaongea kama watangazaji wa taarifa ya habari, hata yule mtoto wa miaka sita anasema "hata hivyo". Lakini pale binti anapokata risasi ya mita ya mama yake mwenyewe, usiku, na mita inanong'ona jina lake la utotoni, niliweka kitabu chini nikaenda kusimama kwenye pampu namba tatu palipo na taa kali. Na mchumba ni kweli hana kazi. Nilifurahi alipokufa.

Jumamosi ya mapumziko nikapanda gari mpaka Dar, nikaipata meza ya MezaYaVitabu. Nilimtambua kwa sababu alikuwa anamgombeza mtu aliyekunja jalada. Nikasimama pale saa nzima natafuta watu wanakula. Kimoja cha upelelezi kurasa 200 hakuna aliyeweka kitu mdomoni, nikakirudisha. Kimoja cha kutisha, mama mkwe anapakua ugali, kila sahani anaipiga kijiko mara moja, ya mkwewe anaipiga mara mbili, na hasemi kwa nini. Nikalipa bila kuuliza bei, jambo ambalo halina akili mbele ya mfanyabiashara. Elfu nane.

Cha tatu ndicho kimenirudisha hapa. Kijitabu cha kurasa 88, karatasi imeshakuwa rangi ya chai ya maziwa, hakina ISBN, hakina mwaka, mwandishi kaweka herufi mbili tu za jina. Ni hadithi ya mpagazi wa msafara anayerudi Kilwa na pembe ambayo si ya tembo, na kila anayemuuliza ni ya mnyama gani anampa jibu jingine. Kimeishia njiani, mwishoni kimeandikwa "Kitabu cha pili kinakuja". Nyuma kuna namba ya simu inayoanza 0744. MezaYaVitabu akaniambia hizo ni namba za zamani, weka 0754.

Nikapiga. Akapokea jamaa anachoma mishkaki Makambako, namba kaipata yeye aliposajili laini miaka mitano iliyopita. Mwandishi hamjui, hajawahi hata kufika Kilwa. Ila akaniambia, "Kitabu cha pembe? Wewe ni wa tatu kunipigia." Wa kwanza mwanamume wa Lindi, wa pili hakusema yuko wapi. Namba zao hakuzihifadhi.

Kwa hiyo kama humu kuna mtu wa Lindi aliyewahi kumpigia mchoma mishkaki wa Makambako, ajitokeze. Na kama kuna aliyeona kitabu cha pili, nitalipa nauli ya kukifuata. Yule jamaa nimemwomba, akipiga wa nne ampe namba yangu.